Likianguka, Utakuwa Wapi?

Kijiji cha mjomba wangu kinaitwa Wema. Kiko karibu na Garsen, kwenye delta ya Mto Tana, na kila nikitaja jina hilo Nairobi lazima kuna mtu atauliza kama kijiji jirani kinaitwa Ubaya. Huwa nacheka pamoja nao. Lakini tangu Novemba 2023 jina lenyewe linanisumbua, manake ni huko nilikoona kwamba unaweza kumtendea mtu wema kwa nia safi kabisa, ukatumia hata hesabu ulizofundishwa darasani, kisha ukamwachia njaa.

Swali langu ni la zamani na halihitaji maneno makubwa. Mtu akikosea huku nia yake ilikuwa njema, je, ana hatia? Wazee wanatuambia wema hauozi. Mimi nilitoa wema wangu, halafu nikasimama mbele ya magunia 14 ya mahindi yaliyooza. Kwa hivyo naona nina haki ya kuuliza.

*

Juni 2022 nilikwenda Wema kukaa wiki tatu. Nilikuwa nimeacha uhandisi wa ujenzi nikiwa mwaka wa tatu, karo ilikuwa imenishinda, na nyumbani mama alikuwa na maswali ambayo sikuwa na majibu yake. Mjomba hakuuliza kitu. Alinipokea kwa mikono miwili na kuanza kuniita "injinia". Nikamwambia sijamaliza. Akasema, "Injinia nusu si haba. Sisi hapa hatuna hata robo."

Delta ilikuwa kavu. Tangu mwisho wa 2020 misimu ya mvua ilikuwa ikipita mmoja baada ya mwingine bila mvua ya maana, na kabla ya 2022 kuisha ingetimia mitano mfululizo. Udongo wa huko ni mweusi na mzito, mfinyanzi mtupu, na ukikauka hupasuka nyufa ambazo mguu wa mbuzi unazama. Ukiitazama ardhi ile wakati huo usingeamini kwamba iliwahi kufunikwa na maji. Mimi sikuamini.

Mjomba alitaka mahali pa kuweka mahindi. Banda lake la zamani lilisimama juu ya nguzo za mikoko, futi nne hivi kutoka chini, kuta za fito na paa la makuti. Panya walikuwa wanapanda nguzo. Mchwa walikuwa wamekula mguu mmoja. Mwaka uliotangulia mwizi alikata fito kwa panga usiku na kuondoka na gunia zima. Basi nikachukua daftari nikamchorea stoo ya kisasa: futi 10 kwa 12, sakafu ya zege juu ya ardhi, kuta za matofali ya saruji, mlango wa chuma, mabati juu, hakuna tundu hata la kupitisha kidole. Mjomba akauza ng'ombe. Fundi akaja kutoka Garsen.

Fundi huyo, mtu mzima wa maneno machache, alitazama mchoro wangu akauliza, "Na maji?" Nikamwonyesha nyufa za ardhi kwa mkono. "Maji gani?" Akanyamaza. Alikuwa analipwa kwa siku, na mimi ndiye niliyesoma.

Siku ya kumwaga sakafu mjomba naye aliuliza swali moja. Hakuliita stoo, kwake lilikuwa banda vilevile. "Sasa injinia, likianguka, wewe utakuwa wapi?"

Nilicheka. "Haliwezi kuanguka, mjomba."

Ilinichukua karibu mwaka mmoja na nusu kutambua kwamba hilo halikuwa jibu la swali aliloniuliza.

*

Wacha nieleze lilivyoanguka, kwa sababu hapa uhandisi na maadili vimeshikana na siwezi kueleza kimoja bila kingine.

Udongo mweusi wa mfinyanzi hufura ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Ukiufunika kwa zege wakati wa kiangazi, umeufunika ukiwa umesinyaa. Mvua zikija, kingo za sakafu zinapata maji kabla ya katikati, udongo unazisukuma juu, na zege inaanza kupindika. Zege haipindiki, inapasuka. Mahali ambapo udongo huo una kina cha futi mbili tatu, mafundi huukwangua wote na kujaza changarawe nyekundu iliyoshindiliwa. Kwenye delta mfinyanzi unakwenda chini sana, huwezi kuumaliza. Unachofanya ni kuchimba mashimo machache, yashuke chini kuliko pale udongo unapolowa na kukauka kila mwaka, unasimamisha nguzo zenye kitako kipana, na sakafu unaiinua isiguse ardhi kabisa. Udongo ufure, usinyae, shauri yake. Yaani unarudi kwenye banda lenye miguu. Mambo haya yalikuwa kwenye daftari langu la mwaka wa pili. Niliyasoma, nikayafanyia mtihani, nikapita.

Mvua za Machi 2023 zilinyesha, na ufa ukatokea kwenye pembe ya mashariki, mwembamba kama uzi. Mjomba akanitumia picha kwa WhatsApp. Nikamwambia auzibe kwa saruji. Mavuno yalipoingia, magunia 14 yakapangwa ndani, na mlango ukafungwa kwa kufuli mpya.

Halafu maji yenyewe. Maji yakisimama nje ya ukuta kwa kina cha mita moja, kila mita ya urefu wa ukuta huo inasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 500. Lakini kama ndani nako kuna maji ya kina hichohicho, misukumo miwili inafutana, na ukuta unabaki umesimama, mchafu lakini mzima. Ndiyo maana kanuni za Marekani za ujenzi kwenye maeneo ya mafuriko zinaruhusu stoo ya chini kwa sharti kwamba iwe na matundu: inchi moja ya mraba ya tundu kwa kila futi moja ya mraba ya sakafu, matundu yasipungue mawili, na sehemu yake ya chini isizidi futi moja kutoka ardhini. Stoo yangu ilihitaji inchi za mraba 120. Tofali moja la saruji la inchi 9 kwa 18 lina uso wa inchi za mraba 162. Kama ningeacha pengo la tofali moja upande huu na jingine upande wa pili, nikaweka wavu wa kuzuia panya, ingetosha na kubaki.

Matofali mawili. Nimeyawaza sana hayo matofali mawili.

Na hata hayo yangeokoa ukuta tu. Mahindi yangelowa vilevile, kwa sababu mahindi hayaokolewi na ukuta, yanaokolewa na kuwa juu ya maji. Mimi nilikuwa nimejenga dhidi ya panya, mchwa na mwizi, maadui niliowaona kwa macho. Mto sikuuona, kwa hivyo sikuuhesabu.

Novemba 2023 mvua za El Niño zilipoujaza mto, mjomba na wanawe walikesha wakipanga udongo na karatasi za nailoni mlangoni ili maji yasiingie. Walifanya kazi nzuri, na uzuri wa kazi hiyo ndio ulioumaliza ukuta. Ndani kukabaki kukavu, nje maji yakapanda, na udongo chini ya msingi ukawa uji. Ule ufa ukafunguka. Ukuta wa mashariki ukaangukia ndani, juu ya magunia. Binamu yangu alikuwa ametoka humo dakika chache kabla.

Mimi nilikuwa Roysambu, nikiandika makala ya kulipwa kuhusu jinsi ya kuchagua godoro.

*

Nilifika Wema wiki tatu baadaye, usafiri ulipoanza kupatikana. Mahindi yalikuwa yametandazwa juu ya turubai, yamegeuka kijivu na kijani, yananuka kama pombe iliyoharibika. Mke wa mjomba alikuwa anayageuza kwa mkono, punje kwa punje, akitenga yale aliyoyaona mazima.

Kuna jambo moja ninalolijua kuhusu mahindi yaliyolowa. Mwaka 2004, huko Ukambani, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kutokana na sumu ya kuvu iliyo kwenye mahindi, ile inayoitwa aflatoksini, na 125 kati yao wakafa. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha. Na punje inayoonekana nzima inaweza kuwa nayo.

"Mama," nikamwambia, "haya si ya kula. Hata kuku wasipewe."

Hakuacha kugeuza. "Sawa, mwanangu. Sasa tule nini?"

Nilikuwa na shilingi elfu nne mfukoni. Magunia 14 ni zaidi ya kilo 1,200. Tuliyazika nyuma ya mwembe kwa siku mbili, mjomba akichimba upande mmoja na mimi upande mwingine, na hakuna aliyenilaumu. Mjomba alisema ni mpango wa Mungu. Majirani walisema ni El Niño. Jioni ya pili alinikaribisha chai akaniita injinia kama kawaida, bila kejeli yoyote, na hapo ndipo nilipotamani anitukane.

*

Zaidi ya miaka 3,700 iliyopita, mfalme Hammurabi wa Babeli alichongesha sheria zake kwenye jiwe jeusi ambalo leo liko kwenye makumbusho ya Louvre, Paris. Babeli ilikuwa nchi ya mto na mafuriko kama delta yetu, na sheria zake kuhusu ujenzi zinatisha. Mjenzi akijenga nyumba dhaifu, ikaanguka na kumuua mwenye nyumba, mjenzi huyo auawe. Ukuta ukilegea, aujenge upya kwa fedha zake mwenyewe. Na kuna moja ambayo ningependa kila mtu wa delta aijue: mtu akizembea kuimarisha tuta lake, likavunjika na maji yakafunika mashamba ya wenzake, lazima awalipe nafaka iliyopotea.

Silitetei suala la kuua mafundi. Kinachonivutia ni kwamba kwenye sheria hizo hakuna mahali mjenzi anapoulizwa nia yake. Nia haijengi. Hammurabi alitaka kujua jambo moja: hasara itamwangukia nani? Akahakikisha inamwangukia aliyechora.

Utasema huo ni ukatili, na nia ina uzito wake. Nakubali. Aliyenitakia mabaya na aliyenitakia mema hawawezi kuwa sawa, hata kama wote wawili wameniangushia ukuta. Na kutojua si dhambi. Hakuna anayejua kila kitu, sembuse aliyeacha chuo mwaka wa tatu. Lakini nikijichunguza vizuri, kosa langu halikuwa kutojua. Udongo nilikuwa naujua. Maji niliulizwa na fundi aliyejenga eneo lile miaka mingi, nikamnyamazisha kwa elimu yangu. Mjomba naye akaniuliza, nikamnyamazisha kwa kicheko. Mara mbili swali sahihi lilikuja mlangoni, na mara mbili nililifungia nje, kama nilivyolifungia maji.

Hapo ndipo ninapoona hatia. Nia njema inayokataa kuulizwa na yule atakayebeba hasara si wema bado. Ni kujipenda kulikovaa nguo za wema. Nilitaka mjomba apate stoo, ni kweli, lakini nilitaka zaidi awepo mtu mmoja duniani anayeniita injinia, na ukuta wa saruji ulinipa hilo kuliko banda la fito.

*

Ukilichukua swali la mjomba ukalipeleka mbali kidogo na kijiji, utaona lina kazi nyingi.

Kwenye delta hiyohiyo, TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi iliyoundwa mwaka 1974, ilikuwa na mradi mkubwa wa mpunga uliojengwa kwa mkopo wa Japani, wenye matuta ya kuuzuia mto. El Niño ya 1997 na 1998 iliyabomoa. Sina shaka waliochora walitaka watu wale wali. Likianguka, mtakuwa wapi? Waliokuwapo lilipoanguka ni wanavijiji.

Wewe unayenisoma Nairobi pia umo. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji inatoka bwawa la Ndakaini, kwenye Mto Thika, na Thika inaingia Tana. Umeme wako kwa sehemu unatoka kwenye mabwawa matano ya Seven Forks, kuanzia Kindaruma la 1968 hadi Kiambere la 1988. Mabwawa hayo hupunguza mafuriko madogo, yale yanayoleta rutuba ambayo mkulima wa delta anayahitaji. Mvua kubwa ikija yakiwa yamejaa, kama Masinga lilivyojaa mpaka kumwagika mwaka 2018 na tena 2024, hayana pa kuyaweka maji zaidi, na kinachoteremka kinateremka. Sisemi uzime taa. Nasema tu kwamba mimi nilipokuwa Roysambu nikiandika kuhusu magodoro, taa yangu na mafuriko ya mjomba vilikuwa vinatoka mto mmoja.

"Si wahame tu?" Nimeulizwa hivyo mara nyingi, na kila mafuriko yakija serikali nayo husema watu wahamie nyanda za juu. Lakini mto huo unaobeba mabanda ndio unaoacha tope jeusi ambalo mpunga na mahindi hustawi. Waorma huteremka na ng'ombe kwenye delta kiangazi kikikaza, kwa sababu ndiko majani yaliko, na hupanda juu mvua zikija. Wapokomo hulima pale maji yalipopita. Kumwambia mkulima wa huko aondoke kwenye mafuriko ni kumwambia aondoke kwenye shamba. Anaweza kuhama, ndiyo. Lakini atakayemshauri ahame naye ajibu: akifika huko juu, mvua ikakosa, wewe utakuwa wapi?

Na kuna hatari ya upande wa pili ambayo lazima niiseme, manake nimeiona kwa watu wa aina yangu. Ni rahisi kwenda Wema, ukapiga picha banda la fito, ukarudi kuandika kwamba mababu walikuwa na hekima na saruji ni ujinga. Mjomba angekucheka. Panya walikuwa wa kweli. Mwizi alikuwa wa kweli. Nyumba ya mawe kwake ni heshima, kama ilivyo kwa mama yangu na mama yako, na hakuna sababu maskini wa delta ndiye abaki na makuti ili sisi tupate cha kusifia. Swali halikuwa kama mjomba anastahili saruji. Anastahili. Swali lilikuwa saruji hiyo iwekwe wapi.

*

Februari 2024 tulijenga upya. Nilitafuta kazi zote nilizoweza, nikalipia saruji na mbao; mjomba akalipia mabati na kumwita fundi yuleyule. Safari hii fundi alichora, kwa kijiti, mchangani, na mimi nikauliza maswali. Saruji yote ilikwenda chini: mashimo sita yenye vitako vipana. Juu yake nguzo za mbao zilizopakwa oili chafu kuzuia mchwa, zilizofungwa kwa mbao za kukatiza ili zisiyumbe. Kila nguzo ikavishwa kofia ya bati, pana, iliyoinama chini, panya akipanda anagota hapo. Ukuta wa mbao na wavu wa chuma, ambao panga halikati kimyakimya. Kufuli lile lile.

Tulibishana kuhusu kimo tu. Kwenye mwembe mmoja kuna alama iliyokatwa kuonyesha maji ya 1997 yalipofika. Nikapendekeza sakafu iwe shibiri moja juu ya alama. Mjomba akasema, "Mto hausomi alama." Tukaweka shibiri mbili, na bado hakuna aliyejua kama zinatosha. Kisha akaniuliza tena lile swali, na safari hii sikucheka. Nikamwambia, "Nitakuwa hapa."

Aprili mvua zilipoanza kuzidi nilifunga begi, nikapanda basi kabla barabara haijakatika. Mwanzoni mwa Mei maji yaliingia uani polepole, bila kelele, kama mgeni anayejua nyumba. Yalipita chini ya banda na kutokea upande wa pili. Usiku wa tatu nguzo moja ya pembe ilianza kuzama, na banda likainama upande wa mto. Ndani kulikuwa na magunia matano tu, ndiyo yote tuliyokuwa nayo.

Tuliingia majini watu wanne, maji yakiwa kiunoni, tukabeba boriti moja ndefu kuinulia ile pembe ili fundi achomeke kipande cha gogo chini yake. Giza lilikuwa nene na boriti ilikuwa inateleza. Sijui kwa hakika kama lingeanguka tusingekuwepo. Labda lingesimama. Sidai kwamba nimelipa deni. Kilo 1,200 za mahindi hazirudi kwa usiku mmoja wa kulowa.

Mjomba alikuwa upande wa pili wa nguzo, simwoni. Usiku ule hakuniita injinia hata mara moja. Alisema tu, "Shika hapo. Usiachie." Nikashika.